Kufunga trekta kwenye Fuso au lobedi: mwongozo kwa anayesafirisha kutoka Dar kwa mara ya kwanza

Msimu wa kilimo ukikaribia, simu yangu huanza kuita hata kabla ya adhana ya alfajiri. Mtu amenunua trekta, liko yadi hapa Dar, anataka lifike Mvomero, Kilosa, Ifakara au Mbarali, na gari la kubeba ameshalipata. Kisha anauliza: "Fundi, kamba za katani zitatosha?" Mwingine: "Nikiweka gia na hendibreki, si basi?" Mwingine ameshapakia, yuko Kimara, anasema cheni zote nne zimelegea na haelewi kwa nini. Nimeyajibu maswali haya kwa simu mara nyingi mno, na kwa simu huwezi kumwonyesha mtu mahali pa kupitisha cheni. Ndiyo maana nimeyaandika yote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe yadini.

Gia na hendibreki zinazuia matairi yasizunguke. Hazizuii trekta zima lisiteleze, wala lisiruke kwenye tuta. Trekta la HP 75 lina uzito wa karibu tani 3. Ongeza jembe la diski tatu, ongeza maji ndani ya matairi ya nyuma, unafika tani 3 na nusu bila kujua. Safari yote inaweza kuwa shwari, lakini kinachoamua ni zile sekunde mbili ambazo bodaboda anakatiza na dereva anakanyaga breki mpaka mwisho. Kanuni ya Ulaya ya kufunga mizigo inataka mzigo uhimili nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake kwenda mbele, na asilimia 50 kwenda pembeni na nyuma. Kwa trekta la kilo 3,400, breki kali inalisukuma mbele kwa nguvu ya kilo 2,720. Kila cheni utakayoifunga, ifunge ukiifikiria breki hiyo.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikubali kufunga kwa kamba za nailoni kwa sababu mwenye trekta alikuwa na haraka na cheni zilikuwa zimetoka na gari jingine. Kibamba, dereva alishika breki ya ghafla. Trekta lilisogea mbele kama urefu wa mkono, likakunja ukuta wa mbele wa bodi, kioo cha nyuma cha kebini kikapasuka. Tunamshukuru Mungu hakuumia mtu. Nilipofika nilikagua kamba moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokatika, na mafundo yote yalikuwa kama nilivyoyafunga. Zilivutika tu. Tangu siku ile, mtu akiniletea kamba kwa ajili ya trekta, namwomba aifungie turubai.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Uzito halisi wa trekta. Uko kwenye kitabu chake, au kwenye kibati kilichogongwa mwilini. Usikadirie kwa macho.
- Gari linaloweza kubeba uzito huo. Nitalieleza kidogo hapa chini.
- Cheni nne za kufungia mizigo, kila moja mita 3 hadi 4, zenye ndoano pande zote mbili.
- Racheti nne za cheni (vifaa vya kuikaza), moja kwa kila cheni. Chagua za kuzungusha. Zile za mkono mmoja unaobanwa kwa nguvu zina tabia ya kuruka nyuma, na zimevunja taya za watu.
- Kabari nne za mbao ngumu au chuma, pamoja na misumari na vipande vya mbao vya kuzizuia.
- Rampu mbili, au tuta la udongo lililosimama sawasawa na sakafu ya gari.
- Mikanda miwili au mitatu ya racheti kwa ajili ya jembe na vifaa vidogo.
- Glovu za ngozi, buti, futi ya kupimia, triango na vitambaa vyekundu.
- Watu watatu: mwendesha trekta, mwongozaji mmoja, na utingo wa kushika kabari.

Kuhusu cheni nataka tuelewane vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapookoa hela mahali pabaya. Cheni inayofaa imegongwa namba kwenye pete zake: 7 au 70, 8 au 80. Cheni ya daraja la 70 yenye unene wa milimita 10 inaruhusiwa kubeba karibu kilo 3,000. Ya milimita 8 inaruhusiwa karibu kilo 2,100. Ukienda kununua Gerezani au Kariakoo, mwambie muuzaji akuonyeshe namba hiyo, uiguse kwa kidole. Cheni isiyo na namba ni ya geti. Inaweza kuonekana nene na kung'aa, lakini hakuna anayejua itakatikia wapi. Na ukiona pete imevutika ikawa ndefu kuliko wenzake, au imelika mahali inapogusana na jirani yake, cheni hiyo imeshamaliza kazi.

Kuhusu gari: lobedi ndilo bora, kwa sababu sakafu yake iko chini na ina pete za kufungia za chuma. Fuso inafaa kwa trekta moja la kawaida, na ndiyo wengi wanayoimudu. Tela la kuvutwa na pikapu lisikudanganye. Pikapu kubwa nyingi zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, na tela lenyewe linaweza kufika tani 1. Trekta la HP 75 tayari limepitiliza. Tela hilo libebe matrekta madogo ya tani moja na nusu au pawatila, yaani vile vitrekta vya matairi mawili vya kushika mishikio.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mahali pa kupakilia.

Pawe tambarare, pagumu, pasipo na nyaya za umeme juu. Usipakilie kandokando ya Barabara ya Mandela huku daladala zinapita. Kama mvua za masika zimenyesha, subiri sakafu ya gari ikauke au ifute kabisa. Mbao zilizolowa, zikichanganyika na dizeli kidogo, zinateleza kama sabuni.

2. Andaa trekta.

Osha matairi. Matope yaliyokauka yanapukutika njiani na kuacha nafasi chini ya cheni. Jaza upepo kwa kipimo cha kitabu na hakikisha hakuna tairi linalovuja, kwa sababu tairi likishuka safarini, cheni zote zinalegea kwa pamoja. Usijaze tangi la dizeli mpaka juu. Vua jembe kama unaweza, lisafiri peke yake.

Sasa angalia pedali za breki. Trekta lina pedali mbili, moja kwa kila tairi la nyuma, ili shambani uweze kukata kona. Kuna kibati kidogo au pini ya kuziunganisha. Iunganishe kabla hujagusa rampu. Ukiisahau, ukakanyaga pedali moja ukiwa katikati ya rampu, trekta linageuka ghafla na kuanguka pembeni. Hili ni kosa la kwanza la wanaoanza, na hutokea hata kwa madereva wazuri wa shambani, kwa sababu huko wamezoea pedali zikiwa zimeachana.

3. Andaa gari.

Hendibreki, gia, kabari kwenye matairi ya gari mbele na nyuma. Fagia sakafu: mchanga, mbolea, mafuta, vyote vitoke. Ukipata vipande vya mpira mgumu, kama mkanda wa zamani wa mitambo, vitandike mahali matairi ya trekta yatakapokaa. Vinasaidia sana kuzuia kuteleza.

Weka magogo chini ya mkia wa gari. Trekta linapokanyaga mwisho wa bodi, uzito wote uko nyuma ya ekseli ya nyuma, na gari linaweza kuinua matairi ya mbele. Nimeona Fuso ikisimama hivyo, dereva wake akiwa bado amekaa ndani.

4. Weka rampu.

Kipimo changu ni rahisi: kwa kila mita 1 ya kimo cha sakafu, rampu iwe na urefu wa mita 4. Sakafu ya Fuso iliyo mita 1.2 juu inataka rampu ya karibu mita 5. Ukitumia vile vya mita mbili na nusu vinavyokodishwa mtaani, mwinuko unakaribia nyuzi 30, na hapo trekta linatafuta kubinuka. Funga kila rampu kwa cheni kwenye bodi, kwa sababu tairi linapoanza kupanda huisukuma rampu kurudi nyuma.

Bila rampu ndefu, tafuta tuta la udongo. Shambani mnaweza hata kuchimba mtaro, matairi ya nyuma ya gari yakaingia humo, sakafu ikashuka. Ni kazi ya saa moja ya majembe, na inastahili kila dakika.

5. Pandisha trekta.

Uzito mwingi wa trekta uko nyuma. Kwenye mwinuko mkali, ukipanda kwa mbele, pua inanyanyuka, na trekta linaweza kupinduka na kumlalia mwendeshaji kwa muda usiofika sekunde mbili. Kwa hiyo sehemu nzito iwe juu ya mlima siku zote: kwenye rampu panda kwa rivasi, na siku ya kushusha utashuka ukitangulia mbele. Kama unapakilia kutoka kwenye tuta lililo sawa na sakafu, waweza kuingia kwa mbele bila shida.

Gia ya chini kabisa, mafuta kidogo, na usikanyage klachi mpaka matairi yote manne yako juu ya sakafu. Ukikanyaga klachi katikati, trekta linarudi lenyewe. Kama lina fremu ya kinga juu ya kiti, isimamishe na ufunge mkanda. Kama halina fremu, usifunge mkanda. Mwongozaji awe mmoja tu, asimame mahali mwendeshaji anamwona, na asiwepo mtu nyuma wala pembeni ya rampu. Yadini watu hupenda kukusanyika na kila mmoja kupiga kelele "leta, leta, kata kushoto!" Wanyamazishe kwanza.

6. Likalishe mahali pake.

Kwenye Fuso, matairi makubwa ya trekta yakae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma ya gari. Kwenye tela la kuvutwa, sogeza trekta mpaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iwe juu ya hichi, pale tela linapoungana na gari. Uzito ukikaa nyuma sana, tela linaanza kutikisa mkia ukifika kilomita 60 kwa saa, na kulirudisha kwenye mstari ni kazi ngumu. Trekta liwe katikati kabisa. Pima kwa futi kushoto na kulia.

7. Zima.

Matairi ya mbele yanyooke, mikono ya haidroliki ishuke mpaka chini, gia ya chini, hendibreki, zima injini, toa ufunguo. Fungua terminali ya betri. Kazi ya injini imeisha hapa.

8. Piga kabari.

Kabari mbele na nyuma ya matairi makubwa, zibane sawasawa, kisha pigilia kipande cha mbao nyuma ya kila kabari. Kabari isiyopigiliwa hutoka yenyewe baada ya matuta matatu.

9. Funga cheni.

Hapa usikimbie. Kila ninaposema mbele na nyuma, namaanisha mbele na nyuma ya gari, hata kama trekta limegeuka.

Cheni mbili zinavuta trekta kuelekea mbele, mbili zinavuta kuelekea nyuma, na zote nne zinavuta pia kwenda chini na pembeni. Wengi wanachanganya hapa. Wanadhani cheni za mbele ndizo zinazozuia trekta lisiende mbele. Ni kinyume chake. Dereva akishika breki, trekta linataka kukimbilia kebini, na zinazolishika ni zile mbili zinazolivuta kurudi nyuma. Zile za mbele zinafanya kazi gari likipanda mlima au likiondoka kwa kishindo. Kwa hiyo kama una cheni mbili bora kuliko nyingine, ziweke hizo mbili za kuvuta kurudi nyuma.

Upande wa ekseli kubwa, pitisha cheni kwenye nyumba ya ekseli, ile sehemu nene ya chuma kati ya gia boksi na tairi, au kwenye drobaa, kile chuma cha nyuma cha kuvutia, ikiwa imekazwa kwa pini zake. Upande wa pua, tumia tundu la kuvutia au fremu inayobeba vyuma vya uzito. Ukifunga kwenye ekseli ya mbele peke yake, kumbuka ekseli hiyo inacheza kwenye pini ya katikati, kwa hiyo mwili wa trekta utaendelea kuyumba.

Usifunge kwenye fimbo za usukani, mipira ya haidroliki, ngazi ya kupandia, bomba la moshi, fremu ya kinga, wala mikono mitatu ya kubebea jembe. Mikono ile ina nafasi ya kucheza, na kila kinachocheza kitalegeza cheni.

Upande wa gari, funga kwenye chuma cha chesi. Vile vindoano vya pembeni mwa bodi ya Fuso vimewekwa kwa ajili ya kamba ya turubai. Ukivivuta kwa racheti vinanyooka kama pini ya nywele. Kwenye Fuso nyingi itabidi utoboe sakafu na kupitisha cheni chini, kwenye vyuma vinavyokatiza chesi. Angalia kwanza bomba la breki na nyaya ziko wapi.

Pembe nayo ina maana. Cheni ikisimama wima, inabana trekta chini lakini haizuii sana kwenda mbele. Cheni ikisimama nyuzi 60 kutoka sakafuni, nusu tu ya nguvu yake inapingana na breki. Kipimo bila vifaa: kama umeshika trekta kwenye kimo cha sentimita 60, basi mahali pa kufungia sakafuni pawe mbali na hapo kwa sentimita 60 au zaidi, kwa mlalo. Hapo uko kwenye nyuzi 45 au chini yake.

Kama trekta limejaza upana wa bodi na huwezi kuzitanua cheni nje, zivushe: ya kulia ifungwe pembe ya kushoto, ya kushoto ifungwe pembe ya kulia. Hivyo zinazuia pia kuyumba. Hakikisha hazisuguani na tairi.

Kila pembe iwe na cheni yake na racheti yake. Msichukue cheni moja ndefu, mkaipitisha chini ya trekta kutoka kulia kwenda kushoto na kuibana kwa racheti moja. Ikikatika mahali pamoja, pande zote mbili zimekwisha.

10. Kaza.

Usimalize pembe moja ndipo uende nyingine. Kaza kidogo mbele kulia, kisha nyuma kushoto, kisha mbele kushoto, nyuma kulia, unazunguka mara tatu. Simamia pale matairi ya trekta yanapotanuka kidogo chini, kama yamekalishwa. Tairi lina upepo, ni springi. Usipolikandamiza wewe, tuta la kwanza litalikandamiza, na kwa nukta hiyo cheni inalegea na ndoano inaweza kuchomoka. Lakini usilipondeponde, na usiongeze bomba kwenye mkono wa racheti ili kupata nguvu. Ukihitaji bomba, kuna cheni imejipinda mahali.

Tazama pete kwa pete. Pete iliyokaa upande, au ndoano iliyoshika kwa ncha badala ya tumboni, itakaa vizuri yenyewe barabarani, na ikikaa vizuri inakupa sentimita mbili za ulegevu. Halafu chukua spana, gonga kila cheni. Iliyokaza inatoa mlio mfupi mkavu na husikii mtikisiko mkononi. Iliyolegea inachezacheza na kusema kama funguo mfukoni. Rudia mpaka zote nne zilie sawa. Funga mikono ya racheti kwa waya, na mabaki ya cheni yasining'inie.

11. Jembe na vifaa.

Jembe la diski lina kilo mia kadhaa, na diski zake zinakata mkanda kama kisu. Lilaze chini, weka gunia au mpira mahali mkanda unapopita, lifunge peke yake. Lisiegemee trekta.

12. Kagua juu.

Funga boneti, milango na vioo kwa mkanda, hasa kama trekta limegeukia nyuma. Kama lina tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ziba mdomo wa bomba la moshi kwa kopo au mfuko mzito. Upepo wa barabarani unaweza kuizungusha tabo bila oili na kuiharibu. Kisha pima kimo kutoka ardhini mpaka ncha ya juu kabisa. Trekta lenye kebini likiwa juu ya Fuso linakaribia mita 4, na mitaa ya Dar ina nyaya zilizolegea. Kunja fremu ya kinga ikikunjika. Mwandikie dereva kimo hicho kwenye karatasi, akibandike mbele yake. Kama mashine inatoka nje ya upana wa gari, kwa mfano kombaini ya kuvunia, pata kibali cha TANROADS kabla ya kutoka yadini.

13. Ondoka, kisha simama.

Simama mara ya kwanza ukifika Mbezi. Usisubiri Chalinze. Hadi hapo umepita Tazara, Ubungo na matuta ya kutosha, pete zimekaa mahali pake, na karibu kila mara utakuta cheni zinahitaji kuzungushwa kidogo. Hilo ndilo jibu la yule wa Kimara. Kagua tena Vigwaza, kwenye mizani, ambako gari lolote la uzito wa kuanzia tani 3.5 linapaswa kupima. Baada ya hapo kila mnaposimama kunywa chai.

Gari kubwa lisizidi kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Mikumi punguza zaidi: swala hapigi honi. Kama unaelekea Mbarali, kagua pale Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga, na safari hii anza na zile cheni mbili za kuvuta mbele, maana mlimani ndizo zinazobeba.

Mambo yakienda kombo

*Cheni inalegea kila ukisimama.* Baada ya kukaza mara mbili inapaswa kutulia. Isipotulia, gusa tairi kwanza, huenda linavuja. Kisha angalia kama umefunga kwenye kitu kinachocheza, au kama chuma cha gari chenyewe kinapinda. Usiendelee kukaza tu bila kujua sababu.

*Trekta limehamia upande mmoja.* Usilivute kwa kukaza racheti ya upande wa pili. Tafuta mahali tambarare, piga kabari upya, legeza, lirudishe katikati kwa injini, ufunge tangu mwanzo. Mara nyingi cheni zilinyooka sana kwenda mbele na nyuma, hazikutanuliwa wala kuvushwa.

*Mizani imesema ekseli imezidi.* Ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10. Kama uzito wa gari zima uko sawa lakini ekseli ya nyuma imezidi, sogeza trekta mbele. Ndiyo, ni kufungua na kufunga upya. Ndiyo maana nasema pima umbali vizuri kwenye hatua ya 6.

*Injini haiwaki na trekta lazima lipande.* Winchi, kamba ya chuma, na mtu mmoja tu kwenye usukani. Utingo mwingine afuate na kabari nyuma ya tairi kila hatua. Kumbuka usukani wa haidroliki ni mzito sana injini ikiwa imezimwa. Usisukume trekta kwenye rampu kwa trekta jingine.

*Racheti imegoma kufunguka.* Usiipige nyundo ikiwa imekaza. Legeza pembe iliyo kinyume nayo kwanza, kisha weka oili kwenye nyuzi na urudi.

*Ni pawatila, si trekta.* Toa gia, ishushe ilale kwenye mwili wake, funga fremu yake kwa mikanda minne, usifunge mishikio. Funga koki ya mafuta, la sivyo itavuja mpaka Morogoro.

Kushusha

Mnafika jua linazama, kijiji kizima kimekuja kutazama, watoto wameshapanda bodi. Washushe watoto wote kwanza, mzee mmoja wa pale awasimamie kwa mbali. Kabari zibaki mahali pake. Tazama kama trekta limeegemea cheni yoyote. Hiyo ifunguliwe ya mwisho, polepole, uso wako ukiwa pembeni. Weka magogo chini ya mkia wa gari, funga rampu kwa cheni, unganisha pedali za breki, toa kopo kwenye bomba la moshi, rudisha betri, washa, ndipo mtoe kabari. Shuka ukitangulia mbele kama ulipanda kwa rivasi, gia ya chini, bila klachi. Kama giza limeingia na taa hazitoshi, lala, mshushe asubuhi.

Cheni ukirudi nazo zioshe maji baridi, hasa kama zimekaa karibu na bahari hapa Dar, kwa sababu chumvi inazila. Zipake oili, zitundike juu, na kila moja ihesabiwe pete kwa mkono kabla ya kutoka tena.